Baiskeli ya kwanza ya triathloni ukiwa Malindi: ya milimani, ya resi, au ile yenyewe?

Katika triathloni, mchezo wa kuogelea, kuendesha baiskeli na kukimbia kwa mfululizo, bahari ya Malindi ni ya bure na mbio zataka viatu tu. Baiskeli ndiyo inayomkausha mtu mfuko, na ndiyo anayokaa juu yake muda mrefu kuliko yote siku ya mashindano. Mashindano mafupi, yaitwayo sprinti, ni mita 750 za kuogelea, kilomita 20 za baiskeli na kilomita 5 za kukimbia. Yale ya masafa ya Olimpiki ni mara mbili ya hayo: mita 1,500, kilomita 40, kilomita 10. Piga hesabu upendavyo, kwa mtu anayeanza karibu nusu ya muda wote huishia kwenye siti.

Nitasema mapema ninakosimama, usije ukasoma hadi chini ukinitafuta. Kwa anayeanza, na anayefanyia mazoezi barabara ya Malindi kwenda Gede, baiskeli ya kununua ni ya resi, ya mtumba, inayoutosha mwili wake. Ile ya triathloni yenyewe ingoje. Wapo watu wawili watatu ambao ushauri huu hauwafai, nao nitawafikia.

Zinazolinganishwa

Ya kwanza ni ya milimani: tairi nene za meno, usukani ulionyooka, springi mbele. Kila mtaa unayo, kuanzia Barani hadi Muyeye. Ya pili ni ya resi: tairi nyembamba, fremu nyepesi, usukani wenye pembe zilizojikunja kwenda chini. Ya tatu ni ya triathloni yenyewe. Hiyo haina pembe. Mahali pake pana vyuma viwili vinavyochomoza mbele na vikalio vya viwiko, mpandaji akavilalia mikono ikiwa imekaribiana. Vyuma hivyo ndivyo vinavyoitwa erobaa, na neno hilo litajirudia sana hapa.

Black Mamba, ile baiskeli nzito ya mizigo, naiacha nje ya ulinganisho. Ni chombo cha kazi na kina heshima yake, ila kwa gia moja na uzito ule, kilomita 40 zitakumaliza kabla hujaanza kukimbia. Na ukibahatika kukuta baiskeli yenye usukani wa resi lakini tairi pana kidogo za kupitia murram, ihesabu kuwa ya resi, tena ya resi iliyo bora kwa barabara zetu.

Upepo, maana mlima hatuna

Anayefanya mazoezi Iten au Nyeri hupambana na mlima. Sisi hapa ardhi ni tambarare, kwa hiyo mpinzani ni upepo, na upepo wa Malindi una ratiba. Kutoka mjini kwenda Gede, kama kilomita 16 hivi, barabara inaelekea kusini. Kusi ikivuma, kuanzia Aprili hadi Septemba, unakwenda umeinamisha kichwa na kurudi umebebwa. Kaskazi ikishika zamu, Novemba hadi Machi, mambo yanageuka: unafika Gede ukijiona bingwa, kisha unarudi ukilipa deni lote.

Hesabu yake ni hii. Tuseme unakwenda kilomita 25 kwa saa na kusi inakujia usoni kwa kilomita 20 kwa saa. Hewa inakugonga kwa 45. Lakini ukinzani wa hewa haupandi sawasawa na mwendo, hupanda kwa kipeo chake cha pili, kwa hiyo mzigo ulio kifuani mwako sasa ni zaidi ya mara tatu ya ule wa siku isiyo na upepo. Na sehemu kubwa ya ukinzani huo haitokani na baiskeli. Mwili wako ndio tanga. Baiskeli inayoshusha tanga ndiyo itakayokufikisha.

Hapo ndipo ya milimani inapoachwa nyuma. Wengi hudhani tatizo lake ni uzito. Kwenye tambarare uzito si kitu sana. Tatizo ni kwamba inakukalisha wima, kifua wazi, mikono imetanuka. Ya resi inakuinamisha, na ukishika pembe za chini inakuinamisha zaidi. Ya triathloni inakulaza kabisa. Kwa upande huu peke yake hakuna ubishi, ya tatu inashinda.

Inashinda kwa jambo lingine pia ambalo wanaoanza hawalioni dukani. Bomba linalobeba siti kwenye baiskeli ya resi hulala kwa nyuzi kama 72 hadi 74. Kwenye ya triathloni husimama zaidi, 76 hadi 80. Kwa hiyo siti inasogea mbele, juu ya pedali. Ukiwa umelala kwenye erobaa, nyonga hazijibani, na unaposhuka kukimbia mapaja yanakuwa hayajachoka kwa namna ileile. Aliyewahi kushuka kwenye baiskeli na kujaribu kukimbia, miguu ikawa kama si yake, ataelewa thamani ya jambo hilo.

Tahadhari moja kuhusu upepo wa ubavuni. Baiskeli nyingi za triathloni huuzwa na rimu za kimo kirefu, zile zinazofunika karibu nusu ya gurudumu. Zinapendeza mno kwenye picha. Zipeleke daraja la Sabaki ukielekea Mambrui, mahali ambapo hakuna mti wala ukuta wa kukukinga, ndipo utajua kwamba rimu hizo nazo hushika upepo, na gurudumu la mbele likishikwa linageuka bila ruhusa yako. Mwanzoni chukua rimu za kawaida.

Breki ziko wapi

Kwenye baiskeli ya triathloni, gia ziko kwenye ncha za erobaa na breki ziko kwenye ncha za usukani wa chini. Maana yake, unapokuwa umelala, yaani pale baiskeli inapofanya kazi uliyoinunulia, mikono yako haiko kwenye breki. Ili ushike breki inabidi uinuke, utoe mkono, uupeleke pembeni, ndipo uvute. Kwenye barabara iliyofungwa kwa mashindano hilo si neno.

Barabara yetu haijafungwa. Ukitoka mjini, ukapita uwanja wa ndege, utakutana na bodaboda anayeingia barabarani kutoka kichochoro bila kugeuza shingo, tuktuk inayosimama ghafla kwa sababu abiria amepiga dirisha, Probox iliyojaza inayokupita kwa upana wa kiganja, na mbuzi ambao wenyewe hawana haraka. Matuta mengine rangi yake ilishafutika, unayaona ukiwa juu yake. Ukingo wa lami sehemu nyingine umekatika, ukishuka kwenye mchanga kwa tairi nyembamba kurudi juu ni kwa kudra. Upande wa kaskazini, kuelekea Gongoni na Marereni, kuna malori ya chumvi, na dereva wa lori lililojaa hawezi kukukwepa hata akitaka.

Kwenye ya resi, vidole viko juu ya breki karibu wakati wote, uwe umeshika juu au pembe za chini. Kwenye ya milimani ndiyo usiseme. Breki na gia zote ziko chini ya kidole, na tairi lake linameza shimo bila malalamiko. Kama ningeambiwa nitoe sababu moja tu ya kumzuia anayeanza asinunue baiskeli ya triathloni hapa Malindi, ingekuwa hii ya breki, wala si bei. Kuliongoza gurudumu kwa viwiko ni ujuzi unaojengwa polepole, na barabara ya Gede saa mbili asubuhi si mahali pa kujifunzia.

Aliye Lamu kisiwani suala lake ni jingine kabisa. Ndani ya mji, kati ya vichochoro na punda, hakuna baiskeli yoyote kati ya hizi tatu itakayokwenda kasi, na ukielekea Shela ni mchanga. Itabidi uivushe kwa boti hadi Mokowe ndipo upate lami, nayo iko wazi kwa upepo kuliko yetu. Kwa mtu huyo ningesema resi yenye tairi pana, basi.

Sheria nazo zina neno

Kuna mashindano yanayoruhusu kufuatana nyuma ya mwenzako ili akukinge upepo, na kuna yasiyoruhusu. Kwenye Olimpiki, tangu triathloni ilipoingia Sydney mwaka 2000, kufuatana kunaruhusiwa, na kwa sababu watu wanakwenda wamebanana, baiskeli ya triathloni ya kulala haikubaliwi. Lazima iwe ya resi yenye usukani wa pembe. Mashindano mengi ya watu wa kawaida hayaruhusu kufuatana, unatakiwa uache nafasi kati yako na wa mbele, na huko ndiko baiskeli ya triathloni inakopata uhalali wake.

Kwa hiyo kijana wa miaka 16 anayeogelea vizuri na ana ndoto ya timu ya taifa hana hata la kuwaza. Ni resi. Akinunua ile nyingine atakuja kununua mara ya pili. Mtu mzima wa miaka 40 anayetaka kumaliza na kupiga picha na wanawe ana uhuru zaidi. Kabla ya kujiandikisha popote soma kanuni za mashindano yenyewe: kufuatana kunaruhusiwa? Ya milimani inakubaliwa? Waandaaji wengi wa mashindano madogo huikubali bila shida, ila uliza.

Tairi likitoboka Gede

Hapa ndipo ningependa ukae kidogo, maana ndipo pesa za watu wengi zinapopotelea bila wao kujua.

Geuza gurudumu usome ubavu wa tairi. Utakuta namba mbili zenye kistari katikati, mathalan 25-622. Ya kwanza ni upana wa tairi kwa milimita, ya pili ni kipenyo cha rimu inapokaa tairi. Hiyo ya pili ndiyo ya kuangalia. Baiskeli za resi karibu zote za leo ni 622, na hiyohiyo ndiyo ya zile za milimani ziitwazo inchi 29. Za milimani za inchi 26, ambazo ndizo zimejaa mitaani, ni 559. Black Mamba ya inchi 28 ni 635. Kisha kuna 571. Hiyo ni saizi waliyoipenda watengenezaji wa baiskeli za triathloni miaka ya 1990 na mwanzoni mwa 2000, magurudumu madogo kidogo kuliko ya resi. Leo karibu wameiacha. Na kwa kuwa wameiacha, baiskeli za namna hiyo ndizo zinazouzwa rahisi kwenye mtumba.

Nilikuwepo kwa fundi mmoja wa Maweni kijana alipoleta moja. Nyekundu, nyembamba, kila mtu akasimama kuitazama.

"Shikamoo, fundi. Nataka uniangalizie hii kabla sijamlipa mwenyewe."

"Marahaba." Fundi hakuitazama fremu hata kidogo. Alipiga magoti, akafuta vumbi ubavuni mwa tairi kwa kidole gumba, akainamisha kichwa kusoma: 23-571. "Baiskeli ni nzuri, mwanangu. Mpira wake utaupata wapi?"

"Si nitaagiza Nairobi?"

"Na siku utakayopasukiwa hapo Gede, utamwambia Nairobi akusubiri?"

Yule kijana hakununua. Sijui kama aliyeinunua baadaye aliwahi kupata tairi la pili.

Mtego wa pili ni tairi za gundi. Baiskeli nyingine za mashindano zina tairi lililoshonwa likafunga mpira ndani yake, kisha likagundishwa juu ya rimu. Huwezi kulitoa kwa vijiti viwili ukaweka kiraka kando ya barabara. Mafundi wetu wana mikono ya dhahabu kwa solusheni na kiraka, ila kazi ya kufumua, kuziba, kushona na kugundisha upya si ya chini ya mwembe. Binya ubavu wa tairi ulisukume: likiachana na rimu ukaona ukingo wake ndani, ni la kawaida. Likiwa limeng'ang'ania kama sehemu ya rimu, uliza maswali.

Vali nazo. Tyubu za resi na triathloni huwa na vali nyembamba ya kufungua kwa kuzungusha ncha, wakati pampu nyingi za vituo vya mafuta na za mafundi ni za vali nene ya gari. Nunua adapta, kile kishaba kidogo cha kuvisha juu ya vali, uweke kimoja nyumbani na kimoja kwenye mkoba wa siti. Ukiwa na rimu za kimo kirefu utahitaji pia tyubu zenye vali ndefu, na hizo ndizo kabisa hutazikuta.

Kwa upande huu wa vipuri, ya milimani ya inchi 26 haina mpinzani: tairi, tyubu, waya wa breki, cheni, vyote viko dukani mtaani. Ya resi ya 622 ni ya kati kwa kati, vitu vyake vinapatikana Mombasa, na ukiwa na tyubu tatu za akiba ndani ya nyumba huna wasiwasi. Ya triathloni inategemea bahati, na baadhi yake zina breki na waya zilizofichwa ndani ya fremu, mtu abadilishe waya mmoja kwa nusu siku.

Njia ya kati

Mwaka 1989, siku ya mwisho ya Tour de France, mbio kubwa za baiskeli za Ufaransa, Mmarekani Greg LeMond alikuwa nyuma ya Mfaransa Laurent Fignon kwa sekunde 50. Zilikuwa zimebaki kilomita 24.5 za kupambana na saa, kutoka Versailles hadi Paris. LeMond alikuja na kitu ambacho wanatriathloni walikuwa wakikitumia tayari na wakubwa wa baiskeli wakikidharau: erobaa. Fignon alipanda na usukani wa kawaida wa mbio za saa. LeMond alimpita kwa sekunde 58 siku hiyo, akatwaa Tour nzima kwa sekunde 8. Hakuna Tour ya wanaume iliyowahi kuamuliwa kwa tofauti ndogo kama hiyo.

Ninaileta habari hii kwa sababu erobaa si lazima zije na baiskeli yake. Zipo za kufunga kwa boliti nne juu ya usukani wa resi. Unapata sehemu kubwa ya kulala bila kupoteza breki za kawaida: mjini unashika juu, vidole kwenye breki, ukivuka Msabaha, barabara ikanyooka na magari yakapungua, unalala. Siku ya mashindano ya kufuatana unazifungua unaziacha nyumbani.

Zina masharti mawili. Usukani lazima uwe wa mviringo pale karibu na katikati ambapo zinafungwa. Ule uliobapwa, hasa wa kaboni, haukubali, na ukilazimisha unaupasua. Pili, ukizifunga sogeza siti mbele kidogo na uinue kiasi, la sivyo magoti yatakuwa yakigonga kifua. Usizifunge siku moja na kununua baiskeli. Kaa na resi kavu mwezi mmoja au miwili, ujue kugeuka, kunywa maji ukienda, kutazama nyuma bila kuyumba. Kisha erobaa.

Kwa mwendo wa kawaida wa anayeanza, kutoka kilomita 25 kwa saa hadi 30 kunapunguza dakika 8 kwenye kilomita 20: kutoka dakika 48 hadi 40. Zile za mwanzo kati ya dakika hizo huletwa na miguu na mazoezi. Erobaa zinaongeza. Fremu ya gharama inaongeza kidogo juu ya hapo, na kwa bei isiyolingana na hicho kidogo.

Kama tayari unayo ya milimani

Usiiuze, na usinunue nyingine mwaka huu. Huyu ndiye mtu wa kwanza ambaye ushauri wangu wa resi haumhusu: anayelenga sprinti moja tu kujua kama mchezo huu anaupenda, na ya milimani iko uani. Toa tairi za meno, weka laini, nyembamba kadiri rimu itakavyokubali, jaza upepo hadi karibu na kiwango kilichoandikwa ubavuni mwa tairi. Kama springi ya mbele ina kitufe cha kuifunga, ifunge, maana kila ikibonyea inakula nguvu yako. Inua siti. Watu wengi hapa hupanda siti ikiwa chini mno, magoti yanapanda hadi kifuani, kisha wanalaumu baiskeli.

Chris Froome, mzaliwa wa Nairobi aliyeshinda Tour de France mwaka 2013, 2015, 2016 na 2017, alianza mambo haya kwa baiskeli ya milimani, chini ya David Kinjah kule Kikuyu. Hakuanza na kaboni.

Mtu wa pili wa kuachwa nje ya ushauri wangu ni yule ambaye tayari anajua baiskeli, amepanda resi miaka mingi, na anaingia triathloni ya masafa marefu, kilomita 90 au 180 za baiskeli, isiyoruhusu kufuatana. Huyo ya triathloni ni yake. Lakini huyo haji kuuliza.

Saizi kabla ya rangi

Simama pekupeku mgongo ukiwa ukutani, bana kitabu katikati ya miguu kikifika juu kabisa kama unavyokalia siti, mtu akupimie kutoka juu ya kitabu hadi sakafuni. Zidisha kwa 0.883. Ukipata sentimita 82, jibu ni kama 72.4. Huo ndio urefu kutoka katikati ya ekseli ya kranki, ile mikono inayobeba pedali, hadi juu ya siti, ukifuata bomba lake. Hesabu hii imetumika tangu enzi za LeMond huyohuyo, na ingawa si ya mwisho, inakuanzishia mahali pazuri.

Urefu wa siti ni rahisi kurekebisha. Urefu wa fremu kutoka siti hadi usukani ndio mgumu, na hapo ndipo wauzaji wa mtumba hukuimbia. "Hii utaizoea." Hutaizoea. Ukikaa na mikono imenyooka kabisa kufikia breki, fremu ni ndefu, na baiskeli ndefu haipunguziki kwa maneno. Kwenye ya triathloni kosa la saizi ni baya zaidi kwa kuwa umelala na huna pa kuhamishia mikono; shingo na mabega ndiyo yatakayokupa habari.

Mitumba mingi inaingilia bandari ya Mombasa, kilomita kama 120 kutoka hapa. Panda basi ukiwa na mkanda wa kupimia na hizo namba zako zimeandikwa. Tuseme una shilingi 60,000. Usiingie dukani na wazo la kutumia 60,000 kwenye baiskeli. Toa kwanza ya kofia, tyubu, pampu ya kubeba, na ya fundi kufungua beringi zote na kutia girisi mpya, kisha linalobaki ndilo la baiskeli. Anayekwenda kutafuta ya triathloni kwa pesa hizo atarudi na fremu ya zamani na mfuko mtupu.

Ukiikagua, anza kwa alumini: tazama kuzunguka boliti, rangi ikiwa imevimba kama malengelenge, chumvi imeshaingia chini. Jaribu kutoa bomba la siti. Lisipotoka limegandana na fremu, achana nayo. Kwa chuma, geuza baiskeli miguu juu, kama vumbi jekundu linamwagika kutoka ndani ya mabomba umepata jibu. Kaboni ipigepige kwa sarafu sehemu mbalimbali, hasa karibu na kranki na chini ya usukani. Mlio ukibadilika ghafla ukawa mfu, au ukiona ufa mwembamba chini ya rangi, usijadiliane bei.

Chumvi hiyo itakuandama hata baada ya kununua. Mwanatriathloni hutoka baharini Silversand akaruka juu ya baiskeli akiwa anachuruzika, na maji yote hayo hudondokea boliti za usukani, breki ya mbele na zile erobaa. Ukirudi osha kwa maji matamu, yale ya Baricho yakitoka mferejini, si ya kisima cha uani chenye ladha ya chumvi, maana hayo unaongeza ugonjwa. Kausha, tia tone la mafuta kwenye kila kiungo cha cheni, futa yaliyozidi. Cheni iliyolowa mafuta hapa hushika mchanga na kujisaga yenyewe.

Pedali chukua bapa za kawaida zenye mkanda wa kushika kidole cha mguu. Viatu vya kufunga kwenye pedali vina faida yake, lakini sprinti ya kwanza utapanda na viatu vya kukimbilia na kushuka navyo, hubadilishi chochote. Weka vibebeo viwili vya chupa, si kimoja. Joto na unyevu wa huku havimhurumii mtu.

Na kabla ya kuipeleka kwenye mashindano, tazama ncha za usukani na za erobaa. Zikiwa wazi, matundu hayana vizibo, mkaguzi anaweza kuizuia, maana bomba lililo wazi hukata nyama mtu akianguka. Kizibo cha chupa kilichochongwa vizuri kikakaza kinafaa. Kofia nayo, nenda na iliyo na alama ya EN 1078 au kiwango kinachokubaliwa na waandaaji, na fanya mazoezi ya kuivaa ukiwa na mikono iliyolowa: ifunge kidevuni kwanza, kisha ndipo uguse baiskeli. Ukiigusa kabla, ni adhabu, hata kama ulikuwa wa kwanza kutoka majini.